Ushauri: Polisi wamepekua nyumba yangu kwa sababu ya mzozo wa chama. Nani huwasimamia ikiwa hakuna kesi?

mwekahazina_nakuru
Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Nakuru. Wanachama walitofautiana kuhusu mgao wa faida, na baadhi yao wakaenda kuripoti katika kituo cha polisi kwamba ninawaficha hesabu. Maafisa wawili walifika kwangu giza likiwa limeshaingia, wakapekua kabati na sanduku lililo chini ya kitanda, kisha wakaondoka na daftari la michango, vitabu vya risiti na simu yangu. Hawakuwa na kibali cha mahakama, wala hawakuniachia orodha ya walivyochukua. Nilipouliza ninashukiwa kwa kosa gani, nilijibiwa kwamba hakuna kosa, wao wanasaidia tu kusuluhisha mambo. Simu hiyo ina mazungumzo yangu na daktari. Nianzie wapi?

kalamu_ya_sheria
Pole sana, dada. Ibara ya 31 ya Katiba inakulinda dhidi ya kupekuliwa nyumba na kuchukuliwa mali. Kifungu cha 118 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinamruhusu hakimu kutoa kibali pale tu anapothibitishiwa kwa kiapo kwamba kinachotafutwa kinahusiana na kosa, na kifungu cha 119 kinataka upekuzi ufanywe kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama iruhusu saa nyingine. Kupekua bila kibali kunawezekana chini ya kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, ikiwa kuchelewa kungeharibu uchunguzi, lakini afisa hutakiwa kuandika alichochukua na kukifikisha mbele ya hakimu. Kama kweli hakuna kosa, sioni sheria waliyoisimamia.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni hili: mtu anaposhtakiwa, wakili wake huuhoji upekuzi mahakamani, na Ibara ya 50(4) humwezesha hakimu kuukataa ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki. Wewe hujashtakiwa, kwa hiyo hakuna hakimu atakayeuona upekuzi huo usipompelekea mwenyewe.

mzee_wa_baraza
Nakubaliana na kalamu, ila tahadhari, binti yangu. Kuiba fedha ulizokabidhiwa ni kosa la jinai, na kesho maafisa hao wanaweza kudai kwamba hilo ndilo walilokuwa wakichunguza. Andika leo hii walivyokuambia, ukitaja saa, majirani waliokuwepo na namba za maafisa kama uliziona. Uulize pia kituoni kama kuna namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, na ni malalamiko gani yaliyoandikwa humo.

mtetezi_wa_mtaa
Peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Inaweza kuchunguza na kupendekeza afisa ashtakiwe au aadhibiwe kinidhamu, lakini usitarajie ikurudishie simu. Hilo liandikie barua mkuu wa kituo, ukiorodhesha kila kilichochukuliwa, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukipuuzwa, Ibara ya 22 na 23 zinakuruhusu kwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2012, katika kesi ya Samura Engineering dhidi ya Mamlaka ya Ushuru, mahakama hiyo ilisisitiza umuhimu wa kibali hata kwa maafisa wa ushuru, kwa hiyo hoja ya kwamba "hii si jinai" haiwapunguzii wajibu.

mwekahazina_nakuru
Nawashukuru nyote. Nimeshaandika maelezo, na majirani wawili wamekubali kuyatia sahihi. Je, niwaonyeshe wanachama hesabu sasa, au ningoje daftari lirudi?

kalamu_ya_sheria
Usingoje. Omba taarifa za akaunti benki na za M-Pesa, uziwasilishe kwenye mkutano ulio na kumbukumbu zilizoandikwa. Anayeendelea kudai ana Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na huko ndiko mzozo huu ulipaswa kupelekwa tangu mwanzo. Barua ya mkuu wa kituo usiichanganye na hesabu za chama; iandike peke yake, na umwombe athibitishe kwa maandishi kama simu yako imefunguliwa na nani aliyeifungua.