Wakuu, hii kalingi ya wanaume wameuza mechi au mi ndo sielewi?

Mkeka_Umechanika (Ilazo, Dodoma)

Heshima kwenu wakuu. Juzi usiku mpira wa maana hakuna, mkeka wangu umebakiza mechi moja, nikashuka kwenye listi mpaka chini kabisa nikakuta kitu kinaitwa kalingi, mashindano ya dunia ya wanaume. Sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nikaweka ova, jumla ya pointi kuanzia 12, maana nimeona kuna endi 10, yani raundi 10, nikajisemea pointi 12 zitakosekanaje. Nikawasha bando la usiku nikaiangalia.

Aisee. Watu wazima na ndevu zao, mmoja anaserereka na jiwe kwenye barafu analiachia, afu wawili wanakimbia mbele yake wanafagia kama vile mtaani wameambiwa mheshimiwa anapita saa hii.

Sasa kilichoniuma. Endi ya tano wenye jiwe la mwisho walikuwa na pointi moja ya bure kabisa, ndani ya duara hamna jiwe la mtu yeyote, kapteni anaambiwa weka tu hapo. Akalisukuma likapita lote likatoka nje. MAKUSUDI. Na wenzake wanampongeza! Nikavumilia. Endi ya nane inaisha 7-3, zimebaki mbili, nahitaji pointi 2 tu nipate hela yangu, wale wa 3 wakanyoosha mikono, wakasalimiana, wakaanza kukusanya fagio zao. Mechi kwisha. Kama huku si kuuza mechi mniambie ni nini.

Zabibu_Kavu

Hahahaha pole kaka. Friji yako yenyewe haigandishi we unaenda kubetia barafu.

Kijana_wa_Hombolo

Mkuu hawajauza, ngoja nikueleweshe maana mi nilisoma Saskatchewan kule Kanada na baridi lake lile cha kufanya hamna, unaenda kalingi utake usitake.

Kila timu wako wanne, kila mtu mawe mawili, kwahiyo endi moja inaisha mawe 16 yakishatupwa. Anayepata pointi ni timu moja tu, ile yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu cha lile duara, na wanahesabiwa mawe yao yote yaliyo karibu kuliko jiwe zuri la mpinzani. Sasa siri yote iko kwenye jiwe la mwisho, wenyewe wanaliita nyundo. Ukipata pointi, nyundo endi inayofuata inaenda kwa mwenzio. Isipopatikana pointi kabisa, anayebaki nayo ni yule yule aliyekuwa nayo. Ndo maana yule kapteni aliitupa ile pointi moja, moja ni ndogo sana kumpa mtu nyundo, bora 0-0 halafu endi ya sita uwinde mbili au tatu. Ni kama pool pale baa, kuna kipira unakiona kabisa kinaingia lakini unakiacha kwanza ili cheupe kikae pabaya kwa mwenzio, asiyejua anadhani umekosa.

La kupeana mikono nalo liko kwenye sheria, ila hatua ya makundi lazima zichezwe endi 6 kwanza. Uko nyuma pointi 4 na zimebaki endi mbili, na mwenzio kazi yake ni kugonga tu kila jiwe unaloweka, utarudi vipi? Kule kung'ang'ania mechi iliyokufa wanaona kama kumkosea mwenzio heshima. Waliofanya makosa hapo ni we na ova yako.

Mkeka_Umechanika

Dah. Kwahiyo hela yangu imeliwa na adabu za watu. Haya na wale wa fagio? Na nani mkali niwe namjua, maana nilidhani Kanada ndo kila kitu.

Kijana_wa_Hombolo

Kufagia kunapasha ile barafu joto kidogo juu juu, msuguano unapungua, jiwe linaenda mbali zaidi na linachelewa kukata kona. Na barafu yenyewe si laini kama kioo, wananyunyizia vitone vya maji vinaganda, jiwe linapita juu ya vile vipele. Usizicheke fagio mkuu, kuna kipindi zilileta ugomvi mkubwa, vitambaa vingine vya kwenye fagio vilikuwa vinaliendesha jiwe kama usukani, 2016 shirikisho la dunia likabana aina ya vitambaa.

Wakali, ndio Kanada wana makombe mengi kuliko wote, haya mashindano yalianza 1959 kule Scotland yakiwa ni Scotland na Kanada tu, na ile timu ya Ernie Richardson, Saskatchewan hiyo hiyo, ikachukua mara nne ndani ya miaka mitano. Lakini 2017 Brad Gushue alichukua pale Edmonton bila kufungwa hata mechi moja, kuanzia hapo ni mateso, 2018, 2019, 2022, 2023 na 2024 Kanada wamefika fainali wakapigwa zote! Nne kati ya hizo kawapiga Niklas Edin wa Sweden, huyo ana dunia saba. Ile ya 2023 Bruce Mouat wa Scotland akawafunga Ottawa, kwao kabisa, na 2025 akachukua tena Moose Jaw. Mi nilikuwa na jamaa zangu wa kule kwenye grupu, ukigusia fainali mtu anakublock.

Nyundo_na_Tindo

Mbukwenyi. Mi nachonga mawe na kuuza kokoto hapa hapa Dodoma, hayo mawe ni ya nini? Maana kama ni graniti huku tumezungukwa nayo, kilima cha Mlimwa kile pale.

Kijana_wa_Hombolo

Graniti ndiyo mzee wangu, moja linakaribia kilo 20. Yale ya mashindano makubwa mengi yanatoka Ailsa Craig, kakisiwa hakana watu karibu na Scotland, ndege tu, na baruti hairuhusiwi kupasulia ili wasisumbuliwe. Jiwe la kule halinywi maji. Likinywa, yale maji yakiganda ndani linameguka vipande. Mengine yanatoka Trefor, Wales.

Nyundo_na_Tindo

Kama ni kunywa maji hiyo kazi ndogo, nalipima kavu, nalilaza kwenye ndoo siku tatu, nalipima tena. Leo naanza na la Mlimwa na jingine la njia ya Ntyuka. Likipita nalichonga la duara kilo 20 nitie na mshikio wa bomba. Barafu hatuna lakini kuna baraza la tailizi hapa ninapokaa, nikimwaga maji ya sabuni nadhani litateleza vizuri tu. Nasubiri mwenye nyumba asafiri.

Zabibu_Kavu

Baba Jose, mwenye nyumba nipo humu na nasoma.