Mama anastaafu Houston: Plan G ya kawaida au yenye didaktibo kubwa?

Binti wa Pangani
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama ametimiza miaka 65 na Septemba hii ya 2025 anaacha kazi. Ametunza wazee wa watu hapa Houston miaka 17, kwa hiyo Part A ya Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee), ile ya kulazwa hospitali, haimgharimu kitu kila mwezi. Part B, ile ya madaktari na matibabu bila kulazwa, mwaka huu wa 2025 ni dola 185 kwa mwezi, ila inalipa asilimia 80 tu. Ile 20 inayobaki haina kikomo, ndiyo maana tunatafuta Medigap, bima ya nyongeza ya kampuni binafsi, ya kuiziba.

Tumepewa bei mbili za 2025, zote za Plan G, aina mojawapo ya Medigap. Plan G ya kawaida ni dola 165 kwa mwezi. Yenye didaktibo kubwa ni 55, lakini mama atoe kwanza mfukoni hadi dola 2,870 kwa mwaka ndipo bima ianze kulipa; hiyo ndiyo didaktibo. Ana presha, dawa anameza kila siku, na hajalazwa tangu aliponizaa. Yeye anataka ya 55. Mimi usingizi umenipaa.

Mzee Chumbageni
Marahaba binti. Shika kalamu. Tofauti ya ada ni 110 kwa mwezi, yaani 1,320 kwa mwaka. Sasa chukua mwaka wa kuugua sana. Ya kawaida: ada 1,980 na didaktibo ya Part B 257, jumla 2,237. Ile nyingine: 660 na 2,870, jumla 3,530. Amepoteza 1,293. Kwa hiyo mwaka mmoja mbaya unameza akiba ya mwaka mmoja mzuri, basi. Na hiyo 2,870 haifiki kwa kwenda kupima presha, maana Medicare inaendelea kulipa fungu lake. Ila akilazwa, Part A peke yake inamdai 1,676.

Dada Mwanaidi
Hesabu ya mzee ni sahihi, lakini mdogo wangu, muulize mama kama hizo 2,870 anazo *leo*. Baba yetu alichukua ya bei ndogo, kiharusi kikamkuta mwezi wa pili, kile alichookoa hakijafika hata dola 200. Tulichangishana ndugu wote.

La pili, ana miezi sita tu tangu Part B ianze ambayo kampuni haiwezi kumkataa wala kumpandishia bei kwa ajili ya presha. Ikipita, hapa Texas akitaka kuhamia ya kawaida wanaweza kumuuliza afya yake na kumkatalia. Kushuka ni rahisi, kupanda ndiyo kazi.

Msafiri
Medigap hailipi dawa za kumeza, hizo mkatie Part D, bima ya dawa ya Medicare. Na kama anakwenda nyumbani, Plan G ya kawaida inalipa asilimia 80 ya dharura nje ya Marekani baada ya dola 250, lakini ndani ya siku 60 za mwanzo wa safari tu.

Binti wa Pangani
Asanteni mno. Nimemuuliza: akiba yake ni dola 1,900, na Desemba anataka Tanga miezi mitatu. Tunachukua ya kawaida, nami nitamchangia 50 kila mwezi. Safari nimemwomba aigawe mara mbili, amesema atafikiria. Kesho tunawapigia washauri wa bure wa jimbo, HICAP, tuwaulize kampuni hii hupandishaje ada umri ukisogea, kabla hajatia saini.