Ukoo wa Kibokoni

Da Mwanaisha: Asalaam aleikum nyote. Tiketi ya mama ya kwenda kwa Zuhura bado, na bei zinapanda. Nataka jibu leo: Nairobi–New York moja kwa moja, au kupitia Doha?

Da Mwanaisha: Tiki za buluu naziona. Mnasoma mnanyamaza.

Fumo: Doha nafuu.

Da Mwanaisha: Nafuu ya pesa. Masaa matano na kitu hadi Doha, akae uwanjani angoje, kisha mengine kama kumi na manne. Ya moja kwa moja ni kilomita kama 11,800, masaa kumi na tano. Anapanda mara moja, anashuka mara moja.

Kassim: Kumi na tano wapi? Hapa naona anaondoka saa tano usiku, anafika saa moja asubuhi. Manane hayo! Basi la Nairobi 😂

Da Mwanaisha: Saa moja ya New York, Kassim. Huku kwetu itakuwa saa nane mchana. Sasa wako nyuma yetu masaa saba, baridi ikiingia wakirudisha saa zao yatakuwa manane.

Kassim: Kumbe sisi tushakula pilau yeye ndiyo kwanza chai.

Idha: Zuhura kaomba achari ya maembe na mabuyu. Zitapita?

Kassim: Chupa ya achari ikipasuka sandukuni, New York yote itanuka Marikiti 😂😂

Da Mwanaisha: Jamani, miguu ya mama! Akiketi sana inavimba. Soksi za kubana nishanunua, kiti cha magurudumu tunaomba tukikata tiketi.

Nassir: Da, kurudi kutakuwa kwepesi kidogo, upepo wa juu unatoka magharibi unaisukuma ndege. Kwenda ndiko inakopigana nao. Halafu tangu vita vya Sudan, Aprili 2023, ndege nyingi zinakwepa anga lake.

Da Mwanaisha: Ahsante Nassir. Doha au moja kwa moja?

Nassir: 👍🏽

Da Mwanaisha: 👍🏽 ya nini??

Salma: Mimi mchango wangu msiuhesabu. Mwaka ule wa bati nilitoa mara mbili, risiti mpaka leo sijaiona.

Da Mwanaisha: Salma, bati tena?

Salma: Bati. Na anayeshika pesa ni yule yule.

Fumo: Mimi nilipeleka kwa fundi. Muulizeni fundi.

Kassim: Fundi kahamia Doha 😂

Ami Salim: Nimesoma yote. Mnahesabu masaa tu. Dada yangu treni ya Nairobi yenyewe, masaa matano, aliinuka kila mara kunyosha goti, na nani alimshika mkono? Mimi. Huko juu usiku kucha atashikwa na nani? Hapandi ndege peke yake. Semeni nani anakwenda naye.

Da Mwanaisha: Sawa Ami.

Idha: Sawa Ami.

Da Mwanaisha: Wenye visa ni Fumo na Salma.

Da Mwanaisha: Fumo?

Fumo: Likizo nimemaliza, Da.

Da Mwanaisha: Salma mamangu?

Da Mwanaisha: Nimeomba wakala atushikie viti viwili, moja kwa moja, hadi Ijumaa saa sita mchana. Jina la pili halijaandikwa.

Salma: Risiti kwanza.

Omari: Salaam, nilikuwa kazini. Kwa hivyo ni Doha?