Niandike "kabakwa", "anadai" au "kasingizia"?

KatibuWaMwaloni: Wakuu, habari za leo. Ni katibu wa kikundi cha akina mama wauza dagaa, soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Juzi binti wa mwenzetu alisema kabakwa na kijana mpakia magunia. Hata magharibi haijaingia, maneno yamejaa WhatsApp. Mmoja: "Masikini, kaharibiwa." Mwingine: "Anadai tu, wakiachwa husingizia." Mama wa binti alikuwa humo humo. Kasoma, kimya, kisha nikaona yale maandishi ya kijivu: ametoka kwenye kikundi.

Nami nina kidonda. Mdogo wangu alishtakiwa kwa kubaka, kakaa mahabusu miezi saba, kesi ikafutwa. Nyumbani tunasema "alibambikiwa". Sasa wenzangu wanataka niandike tamko la kikundi. Naomba ushauri.

Ngosha wa Igoma: Dada, weka "anadai". Kubaka ni miaka 30 jela. Usimfunge mtoto wa watu kwa simu.

Nyamhanga: Kaka Ngosha, mtu akiibiwa gunia la dagaa hapo Mwaloni, nani husema "anadai kaibiwa"? Tunasema kaibiwa, tunamtafuta mwizi. "Anadai" tumewawekea tusiowaamini. Dada, andika "amesema amebakwa", na kijana "anatuhumiwa". Hapo hujamfunga mtu. Na hilo "kaharibiwa" lifute. Binti si samaki aliyeoza. Ana miaka mingapi? Kama hajafika 18, na "walikubaliana" msilitamke; tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, ridhaa ya mtoto si utetezi.

Karani Mstaafu: Nimekaa mahakamani miaka mingi. Kesi hufutwa kwa mengi: mashahidi hawakuja, au upande wa mashtaka umeiondoa. Hakuna hapo panaposema mlalamikaji kaongopa. "Kasingizia" nayo ni tuhuma, kwa sababu kupeleka taarifa ya uongo polisi ni kosa, na inadai ushahidi wake. Mdogo wako hana hatia mbele ya sheria, hilo lisemeni kifua mbele. Ila "alibambikiwa" mnamshtaki yule binti mwingine bila kesi.

Mama Wawili: Jamani, huyu mtoto kafika hospitali? Dawa za kukinga VVU zina mwisho wa saa 72! Nguo alizovaa zisifuliwe. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mtaipata polisi, ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto.

KatibuWaMwaloni: Ana miaka 19. Alipelekwa usiku ule ule, dawa kaanza. Asanteni. Nimeandika hivi: "Mwenzetu amesema binti yake amebakwa. Suala liko polisi. Atakayemwita mwongo au atakayetangaza jina la kijana humu, nitamtoa." La mdogo wangu, Karani, limenichoma. Nililia naye pale mlangoni siku anatoka, na naamini hakufanya. Lakini yule dada wa kwenye kesi hajawahi kuulizwa na yeyote kwetu.

Nafunga meza mapema. Naenda kwa mama yake kwa miguu, simu hii siipeleki.