Jina la kati kwenye TOR, na ECC kabla sijashuka Manila (Baguio)

Binti Tukuyu aliandika:

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu.

Niko Baguio hapa Ufilipino, nimemaliza masomo, tiketi ya kurudi nyumbani ni ya mwezi ujao. TOR (karatasi ya matokeo yangu yote ya chuo) imetoka na jina lililomo si langu. Pasi yangu ina majina matatu kama ya kila mtu kwetu: langu, la baba, la babu. Chuo (sikitaji) waliponisajili walifika kwenye kisanduku cha jina la kati wakaniuliza ukoo wa mama, nikawatajia. Basi wamemtoa baba, wakauweka ukoo wa mama katikati, kwenye TOR na kwenye diploma. ACR I-Card yenyewe (kitambulisho cha mgeni) inasoma sawa na pasi. Dirishani naambiwa ndio utaratibu wa nchi hii, kila mtu ana ukoo wa mama katikati. Ya nchi yao sawa, lakini baba yangu amelipa ada miaka yote halafu kwenye cheti hayumo.

Swali: niombe ECC-A (kibali cha uhamiaji cha kuondoka nchini) kwanza kwa jina la pasi, au nirekebishe TOR kwanza? Naogopa wakiona karatasi za chuo zina jina jingine wanisimamishe na ndege iniache. Na TCU (tume ya vyuo vikuu Tanzania) wataikubali TOR hii? Aliyepitia aniambie, tafadhali.

Kaka wa Dagupan aliandika:

Dada, mambo ya ECC yameshajadiliwa humu mpaka yakachacha, tafuta nyuzi za nyuma. Kwa kifupi: A ni ya anayeondoka moja kwa moja, B ni ya mwenye visa hai anayetoka kisha anarudi. Watu wa 9(f), visa ya masomo, huwa wanazichanganya. A omba angalau saa 72 kabla ya safari, na usiombe mapema mno kwa sababu inaisha nguvu baada ya mwezi mmoja. Annual Report (kujiripoti uhamiaji kila mwaka) ya mwaka huu uliifanya? Kama hukuifanya, shida yako wala si jina.

Mama Furaha, Bulacan aliandika:

Pole mwanangu. Hili la majina nalijua vizuri mno. Mimi nimeolewa hapa. Siku ya kuandikisha ndoa walitaka jina la kati, nikawaambia ni la baba, yule karani akanitazama akauliza kwani mama huna? Wakati huo nilikuwa nimeshahangaika kupata cheti cha ubalozi cha kusema sina mume kwetu, maana bila hicho mgeni hapewi leseni ya ndoa.

Sasa sikia kichekesho. Walipozaliwa wanangu, sheria yao ikachukua jina langu la mwisho, ambalo ni la babu yangu wa Korogwe, ikaliweka katikati ya majina ya watoto. Yule mzee hajawahi kuvuka hata kwenda Unguja, leo yumo kwenye vyeti vya kuzaliwa vya serikali (PSA) vya watoto wa Bulacan. Mume wangu aliona kawaida tu. Mimi nilicheka hadi nikalia.

Wakili alinitengenezea hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Fanya hivyo.

Mzee wa Usa River aliandika:

Marahaba binti. Nilisoma Baguio zamani, sasa niko Minnesota. Ukishapata TOR iliyonyooka, ipeleke DFA (wizara yao ya mambo ya nje) wakaifunge ule utepe mwekundu wa uthibitisho, ukifika nyumbani hakuna atakayekuuliza kitu.

Umenikumbusha mbali. Wakati ule mji ulikuwa misonobari mitupu, ukishuka basi unapokewa na harufu yake. Kutoka chumbani kwangu nilikuwa nauona mlima Pulag kila asubuhi kabla ukungu haujapanda. Nilikuwepo tarehe 16 Julai 1990, saa 10 na dakika 26 alasiri, lilipopiga lile tetemeko. Hoteli ya Hyatt Terraces ililala chini. Barabara zote za kushuka, Kennon, Naguilian na Marcos, ziliziba kwa maporomoko, tukawa kama kisiwani. Tulilala Burnham Park, wageni na wenyeji, mvua inanyesha, hakuna aliyethubutu kuingia ndani. Mama mmoja wa Kiigoroti, mwenyeji wa pale, ndiye aliyetugawia viazi vitamu vya kuchemsha. Sijamsahau.

Msafiri wa La Trinidad aliandika:

Mzee, heshima yako iko palepale, lakini tusimpoteze mtoto wa watu. Utepe mwekundu uliisha Mei 2019, sasa ni Apostille (uthibitisho unaotambuliwa na nchi zilizo kwenye mkataba wake). Na huendi DFA mkono mtupu: kwa vyeti vya chuo unaanza na CAV (hati ya uhakiki) ya CHED, tume yao ya vyuo vikuu. Ukifika bila CAV unarudishwa.

Pili, Pulag hukuwa unauona kutoka dirishani, labda kama chumba chako kilikuwa Kabayan, kule kule mlimani. Pulag, wa zaidi ya mita 2,900, ni safari ya masaa kutoka mjini. Mlima unaouona kutoka Baguio, wenye yale madishi makubwa mawili kileleni, ni Santo Tomas, uko Tuba, umepita mita 2,200. Ndio unaowapa watu wa mjini sehemu ya maji yao, na mwaka 2014 ulifika hadi Mahakama ya Juu kwa sababu ya barabara iliyochongwa msituni.

Tatu, wenyeji wenyewe wa Baguio ni Waibaloi. Igoroti ni jina la jumla la watu wa milima ya Cordillera. Huwezi kumwita Mmeru "mtu wa kaskazini" ukadhani umemtaja.

Mrundi wa Pasay aliandika:

Naongezea kwa kaka wa La Trinidad. Apostille inasaidia kama nchi unayoipelekea imo kwenye mkataba. Sisi Burundi tumo tangu 2015, mimi sikusumbuka. Nchi ambayo haimo, karatasi inatakiwa ipite tena ubalozini kwake. Angalia orodha kabla hujalipa, msije mkasema hatukuwaambia.

Mzee wa Usa River aliandika:

Santo Tomas, Pulag, sawa kijana. Nilikuwa naona mlima. Tetemeko ulikuwepo?

Binti Tukuyu aliandika:

Asanteni sana wote. Annual Report niliifanya Januari, risiti ninayo. Hati ya kiapo nitaiulizia. Ila bado sijaelewa: ECC kwanza au TOR kwanza? Chuoni wanasema kurekebisha jina kunahitaji cheti cha kuzaliwa, na changu cha RITA hakina jina la babu kabisa, kina mawili tu. Kwa hiyo sasa nina karatasi tatu na watu watatu.

Nyawira, Cebu aliandika:

Haki pole dada, utatoka tu. Samahani nikiingilia, binamu yangu wa Nyeri amepata nafasi ya kusoma huko Baguio na hapa Cebu sisi tunakaangwa na jua, hatuwezi kumwambia kitu. Baridi ni ya ukweli ama ni stori? Na watu wako aje?

Binti Tukuyu aliandika:

Baridi ni ya kweli, dada Nyawira, ila mtu wa Nyeri hataiona kitu. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, mara nyingi unakuwa nyuzi nane chini ya Manila. Baridi kali kuliko zote iliyowahi kuandikwa ni nyuzi 6.3, Januari 1961. Wafilipino wa bondeni wakipanda huku utawakuta na makoti na kofia za sufi wanapiga picha. Mimi wa Tukuyu nilitembea na blauzi, wakaniona mwendawazimu.

Kinachochosha ni mvua. Kuanzia Juni mpaka Oktoba nguo hazikauki, viatu vinaota ukungu kabatini. Mwambie Julai 1911 hapa ilinyesha milimita 1,168 ndani ya saa 24, yaani mvua ya mwaka mzima ya Dar imwagike kwa siku moja. Na pamoja na mvua yote hiyo, maji ya bomba ni ya mgao. Kabla hajalipa chumba aulize bweni lina tangi la ukubwa gani, asidanganywe na mandhari.

Mji wenyewe ni wa wanafunzi. Vyuo vikubwa, Saint Louis, University of Baguio, Cordilleras, UP, vyote viko karibu karibu, na kuna Wakorea, Wanigeria, Wahindi, kwa hiyo hatashangawa sana. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 366,358, na inasemwa kila mara kwamba yule msanifu Burnham wa Chicago aliuchora kwa ajili ya watu 25,000 tu. Ndiyo maana foleni ya jipni (daladala za huku) saa 11 jioni inazunguka hadi nyuma ya soko. Nyumba zimepandiana kwenye miteremko hadi vileleni, paa la huyu ndio kibaraza cha yule. Februari ni Panagbenga, tamasha la maua. Wiki hizo asipange safari yoyote, barabara zinafungwa na vyumba vinapanda bei mara mbili.

Nguo asibebe. Harrison Road kuanzia saa 3 usiku inafungwa magari, inageuka mitumba mwanzo mwisho. Wenyewe wanaita ukay-ukay. Makoti ya sufi ya kila namna, na unaruhusiwa kubishana bei ukicheka.

Mzee wa Usa River aliandika:

Binti ameeleza vizuri. Ila vijana wanausifu mji bila kujiuliza umepatikanaje. Wamarekani, enzi hizo wakiitawala nchi hii, walichoka na joto la Manila, wakachonga barabara ya Kennon ikafika juu mwaka 1905, wakasema hapa ndipo serikali itahamia kila kiangazi. Hiyo Session Road mnayonunulia chipsi ina jina hilo kwa sababu ya vikao vyao vya 1904. Sasa ardhi ilikuwa ya nani? Kulikuwa na mzee wa Kiibaloi, Mateo Cariño, mfugaji. Walimwambia huna hati. Alishtaki hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na Februari 1909 jaji Holmes akaandika kwamba ardhi inayokaliwa na wenyewe tangu enzi na enzi ihesabiwe haikuwahi kuwa ya serikali. Alishinda, lakini mwenyewe alikuwa ameshafariki, na mwaka huohuo Baguio ikatangazwa jiji.

Nikiisoma ile hukumu nawaona wazee wetu Wameru wa Engare Nanyuki waliochomewa nyumba na Waingereza 1951, na Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Tofauti ni kwamba sisi tulisikilizwa tukaambiwa pole. Na leo? Nani anaondolewa kwenye ardhi yake leo, na kwa kisingizio gani? Semeni basi.

Kaka wa Dagupan aliandika:

Mzee, tafadhali. Tulikubaliana humu siasa za nyumbani hapana. Mtu ana ndege mwezi ujao.

Msafiri wa La Trinidad aliandika:

Siasa gani? Hiyo ni historia ya mji anaokaa. Tarehe 23 Februari, siku ya hukumu ile, ni siku ya Waibaloi hapa mjini, wanacheza na kula Burnham Park, nenda ukawaambie wao wasiongee siasa. Kaka, na wewe ulimjibu dada kitu alichokwisha kukijua.

Kaka wa Dagupan aliandika:

Nilimjibu utaratibu. Wewe umemjibu urefu wa milima.

Mrundi wa Pasay aliandika:

Jamani. Dada, la muhimu zaidi: huu ni msimu wa vimbunga. Kennon wanaifunga ikinyesha sana kwa sababu ya mawe, basi magari yatapita Marcos Highway na yatachelewa. Usishuke siku ileile ya ndege. Njoo Pasay, hapa Manila, mapema, kwetu kuna godoro la ziada na mke wangu anapika.

Mama Furaha, Bulacan aliandika:

Anapika nini, kaka? Maana mimi nina mwezi sijaonja ugali wa maana. Mwambieni na huyo binamu wa Nyeri, ule unga mweupe laini wa madukani usomeke vizuri: ukiandikwa cornstarch si sembe, ukiusonga unapata gundi. Mboga hatakosa. Majani ya viazi vitamu yamejaa sokoni, wao wanaita talbos, ndiyo matembele yetu kabisa. Mlonge ni malunggay, magimbi ni gabi, dagaa ni dilis, ila ndogo na chumvi nyingi, aroweke kwanza. Za Baguio, kabichi na karoti za kutoka La Trinidad, ni nzuri kuliko zote nchi hii, na stroberi ni zaidi.

Nyawira, Cebu aliandika:

Asanteni sana, nimemtumia yote. Yeye anauliza kama managu inapatikana.

Msafiri wa La Trinidad aliandika:

Mnavu? Unaota porini huku mkoani Benguet, wenyeji wanauchuma na kuupika, wanauita amti. Aje La Trinidad Jumamosi asubuhi na mapema, wale mama wa mboga wanaokaa chini nje ya soko, si wa ndani. Asichelewe, saa 2 umeisha.

Mrundi wa Pasay aliandika:

Mama Furaha, kuna jamaa ametua jana kutoka Nairobi na pakiti mbili za unga. Moja tayari imeshadaiwa. Kama unaitaka hiyo nyingine nipigie leo, kesho sitakuwa na la kukuahidi.