Baba mkwe kaacha karatasi, anataka aagwe kama Mrumi wa kale. Naombeni ushauri

Mkwe_Chester (mleta mada)

Wakuu, habari za humu. Mimi mtu wa Tanga, naishi Chester, Uingereza, mwaka wa kumi na moja huu. Baba wa mke wangu amefariki, miaka 81. Alifundisha Kilatini maisha yake yote, hata paka wake aliitwa Cato, jina la Mrumi wa kale.

Sasa kwenye droo tumekuta karatasi yenye mwandiko wake. Anataka achomwe, sawa, hilo huku ni kawaida. Lakini anataka pia sarafu mdomoni, watoto wamwite jina kwa sauti, mtu avae sura yake amwigize mbele ya watu, majivu yaoshwe kwa mvinyo, na siku ya tisa watu wakale chakula pale atakapolazwa.

Shemeji yangu mkubwa anasema mzee alikuwa anatania. Ilipwe kampuni ya mazishi, nusu saa pale kwenye tanuru, chai na sandwichi, watu watawanyike. Mke wangu analia, anataka yote yafanyike kama yalivyoandikwa. Wote wawili wamenigeukia mimi, eti "ninyi mnajua mambo ya misiba". Mimi Muislamu, kwetu maiti hata usiku mmoja tunaona mwingi, na mzee leo ana siku ya tisa kwenye jokofu! Shughuli ni Alhamisi ijayo. Nifanyeje nyumba isigawanyike, na mimi mwenyewe niishie wapi?

Kipara_Ngoto

Pole sana mkuu. Ila hapo kwa paka nimecheka, nisamehe.

Bi_Shaurimoyo

Pole mwanangu. Hiyo sarafu mdomoni ni ya nini? Msije mkaita mizimu ya watu mkashindwa kuirudisha.

Mchimba_Magofu

Mleta mada pole. Nimesomea mambo ya kale, niruhusuni nirefushe kidogo. Mzee hakutania, kila alichoandika kina asili yake.

Bi Shauri, sarafu ni nauli. Warumi waliichukua kwa Wagiriki hadithi ya Charon, mzee wa mtumbwi anayevusha wafu. Makaburi mengine yamekutwa na sarafu, mengine hayana, kwa hiyo hata wao hawakuikazania sana.

Kuitwa jina ndiko kulikoanza. Mtu akikata roho, aliye karibu naye anamfumba macho, halafu jamaa wanamwita, wanamwita tena. Asipoitika ndiyo basi. Analazwa chini, anaoshwa kwa maji ya moto, anapakwa mafuta, anavishwa toga, yaani vazi rasmi la Mrumi, analazwa sebuleni miguu ikielekea mlangoni. Mlangoni linawekwa tawi la msaipresi, mpita njia ajue humo mna msiba. Linganisha na huko uliko: mzee kafia hospitali, simu imepigwa, gari limekuja, na watoto wake hawajamgusa tena mpaka leo. Nadhani hapo ndipo mkeo anapoumia, hata kama mwenyewe hajui.

Ila usimwambie shemeji yako kwamba kampuni za mazishi ni uzushi wa juzi. Roma walikuwepo watu wa kazi hiyo, waliitwa libitinarii, kwa jina la Libitina, mungu wa mazishi. Waosha maiti, wabeba jeneza, wapiga filimbi, hata wanawake wa kulia kwa malipo, wote wa kukodi. Watu walizidisha madoido mpaka sheria zao za Mbao Kumi na Mbili, karne ya 5 KK, zikaweka kikomo: wapiga filimbi wasizidi 10, na wanawake wasijikwaruze mashavu.

Suala la kuvaa sura, hapo mzee kajipendelea. Vinyago vya nta vilikuwa vya familia zilizotoa viongozi wakubwa. Vilikaa kwenye makabati ukumbini, na siku ya msiba waigizaji walivivaa, ukaona mababu wote wa ukoo wanamsindikiza mjukuu wao. Mwalimu asingepata. Lakini mwigizaji wa kumwiga marehemu mwenyewe alikuwepo. Mwaka 79 kwenye maziko ya kaisari Vespasian, ambaye ubahili wake ulijulikana, mwigizaji mmoja aitwaye Favor alivaa sura yake akauliza mbele ya umati: shughuli hii imegharimu kiasi gani? Wakamwambia sesterti, yaani fedha yao, milioni 10. Akajibu, nipeni mimi laki moja, halafu mnitupe tu mto Tiber.

Kwa hiyo tafuteni mjukuu anayejua kumwiga babu akisahihisha madaftari. Hakuna atakayewashangaa.

Kipara_Ngoto

"Mnitupe tu mto Tiber" 😂😂 huyo alikuwa mtani kabisa. Kwetu mtani anazuia jeneza mpaka apewe chochote.

Nesi_wa_Manchester

Mkuu, mimi nakuja na ya kutendeka. Sarafu msiifiche kwenye jeneza. Watu wa tanuru wana masharti ya vitu vya chuma, vioo na betri. Hata kile kifaa cha kusukuma moyo lazima kitolewe kwanza, kinalipuka. Sarafu itieni baadaye ndani ya chombo cha majivu, mzee hatagombana na mtu.

La pili. Mtakachopewa kinaitwa majivu lakini siyo majivu kama ya jikoni. Ni mifupa iliyobaki, ikasagwa kwa mashine mpaka ikawa unga wa kijivu, mzito. Ukimwagia mvinyo unapata tope. Nimeona familia wakifungua lile kopo mezani wakashtuka.

La tatu, Uingereza sheria ni nyepesi kwenye majivu. Mnaweza kukaa nayo nyumbani, kuyazika bustanini, au kuyamwaga mahali ilimradi mwenye ardhi karidhia. Mngekuwa Ujerumani, majimbo mengi yangewalazimisha mzike makaburini.

Mchimba_Magofu

Asante nesi, hapo kwenye mashine ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote. Mrumi hakusagiwa. Moto ukizima, ndugu waliokota mifupa wenyewe kwa mikono, wakaiosha kwa mvinyo au maziwa, wakaitia kwenye chungu. Kaisari Augustus alipochomwa mwaka 14, walioiokota mifupa yake ni wakuu wa daraja la wapanda farasi, pekupeku, nguo zimelegezwa bila mshipi.

Na kabla hamjamwona mzee kuwa wa ajabu kwa kutaka moto: Warumi wenyewe kuanzia karne ya 2 walianza kuuacha, wakahamia kuzika. Ukristo ukaendeleza kuzika. Uingereza moto ulirudi 1885 tu, kwenye tanuru la Woking, na kanisa Katoliki likauruhusu 1963. Kwa hiyo huyo shemeji anayetaka "mazishi ya kawaida ya Kiingereza" naye anataka jambo la Kirumi.

Mwana_wa_Pangani

Ndugu yangu wa Tanga, kuhudhuria na kuwafariji ni jambo moja, kumimina pombe juu ya mabaki ya mtu ni jingine. Hilo mwachie mkeo. Na hapo kwenye kulisha kaburi simama pembeni.

Mchimba_Magofu

Pangani kasema vizuri. Na si lazima iwe mvinyo, walimimina maziwa, asali, hata maji. Caerleon, kusini mwa Wales, lilikutwa kaburi lenye mabaki ndani ya chombo cha madini ya risasi, na bomba la madini hayo likipanda mpaka juu ya ardhi, marehemu amiminiwe kinywaji moja kwa moja.

Wa_Nakuru

Poleni sana. Swali langu: hawa Waroma maskini walizikwaje? Hizi hadithi zote ni za makaisari. Huku kwetu bila kamati ya mazishi na WhatsApp group huendi popote.

Mchimba_Magofu

Wa Nakuru umenena. Fukara kabisa walitupwa kwenye mashimo ya pamoja, pale kilima cha Esquilino, Roma. Waliojiweza kidogo walikuwa na chama, na nasema chama kwa maana yako hasa. Kipo kimoja cha mji wa Lanuvium, kanuni zake zilichongwa kwenye jiwe mwaka 136. Kiingilio sesterti 100 na gudulia la mvinyo mzuri, kisha vijisarafu vitano vya shaba kila mwezi. Ukifa, maziko yako yanatengewa sesterti 300, na 50 kati ya hizo wanagawiwa waliosindikiza. Ukifia zaidi ya maili 20 kutoka mjini, wanatumwa watu watatu wakakuzike.

Wa_Nakuru

Hamsini ya wasindikizaji! Hiyo ni nauli ya matatu. Hawa walikuwa watu wetu.

Mbongo_Houston

Huku Marekani ndiyo usiseme. Maiti inadungwa dawa, inapakwa poda na rangi ya mdomo, unapanga foleni kumwangalia. Walizoea tangu vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, maiti za askari zikirudishwa mbali kwa treni, na rais wao Lincoln naye akazungushwa hivyo hivyo. Mwaka 2023 maziko ya namna hiyo, ya gharama ya kati, yalikuwa dola 8,300, na hapo shimo hujalipia. Mwambie shemeji yako kuigiza kwa mjukuu ni bure.

Mchimba_Magofu

Mleta mada, jambo la mwisho. Uko Chester halafu unatuuliza sisi? Nenda na shemeji yako Grosvenor Museum. Kuna mawe ya makaburi ya Kirumi yaliyochomolewa kwenye ukuta wa mji karne ya 19. Mtafute Curatia Dinysia, miaka 40, amejilaza kwenye kochi na kikombe mkononi. Karamu ile ile anayoitaka mzee. Halafu tafuta jiwe la askari aliyekufa maji meli ilipozama. Mwishoni Warumi huandika H S E, yaani "hapa amelala". Kwenye lile jiwe pana S na E, ila H haipo, pameachwa nafasi tupu. Mwili haukuwa umepatikana.

Mkwe_Chester (mleta mada)

MREJESHO. Asanteni wote.

Tulienda jana. Kwa Curatia shemeji hakukaa. Kwenye lile jiwe la askari akasimama, akainama, akapitisha kidole hewani pale pasipo na H, mlinzi akamwangalia. Kwenye gari hakusema kitu mpaka tunafika, ndipo akaniuliza Warumi walikula nini siku hizo. Nikamwambia nitauliza.

Kumwigiza babu kapewa mjukuu wa miaka 14, ana miwani yake na ile sauti ya puani. Sarafu itatiwa kwenye chombo: mke wangu kachagua shilingi mia yetu, yenye Nyerere, maana mzee aliipata kwenye harusi yetu akaiweka kwenye funguo zake. Kuitwa jina wataita wote, pale kwenye tanuru, kabla ya pazia kufungwa mbele ya jeneza. Mvinyo matone machache ardhini, mimi nitakuwa pembeni na maziwa.

Swali moja: siku ya tisa tunahesabu tangu lini?

Mchimba_Magofu

Tangu siku ya shughuli, na Mrumi alihesabu na siku yenyewe. Alhamisi ni ya kwanza, kwa hiyo ya tisa ni Ijumaa ya wiki inayofuata. Chakula: mayai, adesi, chumvi, mkate.

Mkwe_Chester (mleta mada)

Adesi najua, nitazipika za nazi. Ijumaa basi, ila waningoje nitoke msikitini.