Saluni za mbwa, acheni kuwanyoa German Shepherd kwa kisingizio cha joto la Dar

Ndugu wadau wa mbwa, nawasalimu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nilimpeleka mbwa wangu, German Shepherd dume mwenye manyoya marefu, kwenye saluni moja ya wanyama hapa Dar es Salaam ili aogeshwe, achanwe manyoya na kukatwa kucha, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye risiti. Nilipokwenda kumchukua nilikabidhiwa mbwa aliyenyolewa kwa mashine kuanzia shingoni hadi kiunoni, ngozi ya mgongo ikionekana, huku kichwa na mkia vikiwa vimeachwa na manyoya yake yote. Kijana aliyemhudumia akaniambia kwa kujiamini kabisa, "Bosi, tumempunguzia joto," kisha nikadaiwa gharama ya kunyoa juu ya ile tuliyokubaliana.

Kauli hiyo ya kumpunguzia joto inanikera kuliko hata fedha, kwa sababu siyo mara ya kwanza kuisikia, na wanaoisema ni watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. German Shepherd ana manyoya ya tabaka mbili: ya juu ni magumu na yanalalia mwili, na ya chini ni mafupi, laini na yamesongamana kama pamba. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hupoa hasa kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na jasho kidogo alilonalo hutoka kwenye nyayo. Kumnyoa hakumwongezei jasho, bali kunamwondolea kinga dhidi ya jua na wadudu, na ngozi ambayo haikuzoea mwanga inaungua. Kinachomsaidia wakati wa joto ni kuyatoa manyoya ya chini yaliyokwisha kufa na kukwama, ili hewa ipenye, na hiyo ni kazi ya kitana chenye meno marefu na brashi, inayohitaji subira na mikono, hasa nyuma ya masikio, kwenye mapaja ya nyuma na chini ya mkia, ambako manyoya marefu hujifunga mafundo.

Sasa mbwa wangu ana wekundu mgongoni na anajikuna hadi usiku, na daktari wa mifugo ameagiza asikae juani. Manyoya ya chini huwahi kuota kuliko ya juu, kwa hiyo mbwa aliyenyolewa anaweza kubaki na koti lenye mabaka lisilotelezesha maji, na kwa baadhi ya mbwa hali hiyo huchukua mwaka au zaidi kurekebika. Kunyoa kuna mahali pake, kama vile sehemu ya kufanyiwa upasuaji, kidonda, au fundo lililoshikana na ngozi kiasi kwamba kitana hakipiti. Hapo sina ugomvi na mtu, mradi mwenye mbwa aulizwe kwanza.

Nilipolalamika, msimamizi alinijibu kwamba "huyu wa manyoya marefu ni aina nyingine, siyo kama wale wa polisi." Si kweli. Kiwango rasmi cha aina hii ya mbwa kilichowekwa na FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, kinatambua manyoya ya aina mbili kwa German Shepherd, mafupi na marefu, na yale marefu yaliingizwa rasmi mwaka 2010. Kiwango hicho hicho kinataka aina zote mbili ziwe na manyoya ya chini. Urefu unatokana na urithi uliojificha, ndiyo maana mzazi wa kiume na wa kike wote wenye manyoya mafupi wanaweza kuzaa mtoto mwenye manyoya marefu bila kuchanganywa na mbwa mwingine yeyote. Na ninyi wauzaji mnaowatoza watu zaidi kwa madai kwamba mtoto mwenye manyoya marefu ana damu safi kuliko ndugu zake wa tumbo moja, mnawadanganya wateja wenu kwa namna ile ile.

Ninachodai kwenye saluni hiyo ni kurudishiwa gharama ya huduma ambayo sikuiomba, kulipiwa matibabu ya ngozi, na kuona wameweka utaratibu wa mwenye mbwa kutia saini kabla mashine haijawashwa. Nimewaandikia barua na bado hawajanijibu. Kama kuna mwenzangu aliyewahi kufanyiwa hivi na akafanikiwa kulipwa, naomba aeleze alipitia njia gani. Vilevile, anayemfahamu mtu wa kuaminika jijini anayejua kuchana manyoya ya tabaka mbili kwa mkono bila kukimbilia mashine, tafadhali anielekeze, maana manyoya haya yakianza kuota yatahitaji kuangaliwa kila wiki.